Hesabu Ndefu ya Hank Aaron

Msimu wa besiboli wa 1973 ulipofungwa, Henry Aaron wa Atlanta Braves alikuwa na miaka 39 na homurani 713. Alibakiza moja tu amfikie Babe Ruth, ambaye homurani zake 714 hazikuwa zimeguswa na mtu tangu 1935. Ratiba haina huruma: mechi zikaisha mwishoni mwa Septemba, na nyingine hazikuwapo hadi Aprili. Akangoja. Katika mwaka huo alipokea barua zipatazo 930,000, idadi ambayo Shirika la Posta la Marekani lilisema hakuna raia yeyote asiye mwanasiasa aliyepata kuifikia. Nyingi zilikuwa za kumtakia heri. Nyingine, tena kwa maelfu, zilimtukana kwa sababu ya rangi yake, na baadhi zilieleza mji na siku ambayo angepigwa risasi.

Ili kuelewa kwa nini watu wazima wakae mezani waandike barua za namna hiyo kwa sababu ya mpira, lazima kwanza tuuone mchezo wenyewe. Mrushaji husimama kama mita 18 kutoka kwa mpigaji na kuvurumisha mpira mgumu, mdogo, kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 150 kwa saa. Mpigaji ana gongo la mbao la mviringo na muda usiofika nusu sekunde. Akiupata, atakimbilia besi ya kwanza, pengine ya pili, pengine ya tatu. Akiupiga ukavuka uzio bila kutua, huzunguka besi zote nne kwa mwendo autakao, na hiyo ndiyo homurani. Huko nyuma kabisa, karibu na uzio, husimama walinzi watatu wa nje. Aaron alilinda upande wa kulia. Mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa bingwa. Kwa kuwa hata bingwa hushindwa kuliko anavyofaulu, thamani ya mchezaji haionekani katika mechi moja wala kumi, ila katika tarakimu zinazojikusanya kwa miaka. Wamarekani huzikariri tarakimu hizo tangu utotoni, na hakuna iliyokaririwa kuliko 714. Ruth alikuwa kipenzi cha taifa: mnene, mcheshi, mlevi, Mzungu. Alicheza enzi ambazo Ligi Kuu haikumruhusu Mweusi hata mmoja kumrushia mpira.

Aaron alizaliwa 5 Februari 1934 Mobile, Alabama, mji wa bandari kwenye Ghuba ya Meksiko, mmoja wa watoto wanane wa Herbert na Estella. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha meli cha Alabama Dry Dock. Mei 1943, kiwanda hicho kilipowapandisha Weusi 12 wakawa wachomeleaji, wafanyakazi Wazungu waliwavamia wenzao Weusi kwa mabomba na nyundo, na askari wakaitwa kutuliza ghasia. Huo ndio mji. Herbert alijenga nyumba ya familia kwa mikono yake, huko Toulminville pembezoni mwa Mobile, kwa mbao alizookoteza. Watoto walicheza kwa mti wa ufagio na vizibo vya chupa. Kizibo kikirushwa hupepesuka hewani, hakiendi njia iliyonyooka, na anayejifunza kukipiga anajifunza kungoja hadi dakika ya mwisho kabla ya kuzungusha mikono. Henry alijifunza hivyo, tena kwa kushika kinyume: ingawa alitumia mkono wa kulia, aliuweka wa kushoto juu. Hakukuwa na kocha wa kumwambia amekosea.

Alimwambia baba yake kwamba angependa kuwa rubani. Baba akamjibu kwamba hakuna marubani Weusi. Basi atakuwa mchezaji wa besiboli. Hao nao hawapo. Ilikuwa kweli hadi Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Mwaka uliofuata Robinson alipita Mobile na kuzungumza na watu, na Henry, mwenye miaka 14, alitoroka shule akaenda kumsikiliza. Kuanzia hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, masomo yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 1952, akiwa na miaka 18, alipanda treni kujiunga na Indianapolis Clowns, timu ya ligi za Weusi iliyochanganya besiboli na vichekesho ili kuvuta watu viwanjani. Mshahara ulikuwa dola 200 kwa mwezi. Mfukoni alikuwa na dola mbili, na mama yake alikuwa amemfungia sandwichi mbili. Katika safari hizo timu ilifika Washington, mji mkuu, mvua ikawazuia kucheza, wakaingia mgahawani nyuma ya uwanja wa Griffith kupata kifungua kinywa. Walihudumiwa, wakala, wakalipa. Walipokuwa bado wamekaa walisikia kelele jikoni: sahani walizolia zilikuwa zinavunjwa. Aaron aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na kila mara alisema kwamba sahani hizo kama zingelambwa na mbwa, wangezikosha tu.

Hakukaa na Clowns hata msimu mzima. New York Giants na Boston Braves walimtaka wote wawili. Braves wakazidisha dola 50 kwa mwezi. Hesabu hiyo ndogo iliinyima Giants safu ambayo ingekuwa na nyota wao Willie Mays na Hank Aaron kwa pamoja, na mashabiki wa San Francisco, ambako Giants walihamia baadaye, wana haki ya kusikitika hadi leo. Braves walimnunua kwa dola 10,000 na kumpeleka Eau Claire, Wisconsin, ambako alirekebisha mshiko wa gongo na kuibuka mchezaji bora mpya wa ligi hiyo ya chini.

Mtihani wa kweli ulikuja 1953. Walimpeleka Jacksonville, Florida, katika ligi ya South Atlantic iliyozunguka miji ya Kusini na ambayo haikuwa imewahi kuwa na mchezaji Mweusi. Alikwenda na wenzake wawili, Horace Garner na Félix Mantilla wa Puerto Rico. Timu ilipofika mjini, basi liliwashusha Wazungu hotelini, kisha likawapeleka wale watatu kwenye nyumba za familia za Weusi. Njiani walikaa ndani ya basi wakisubiri wenzao wawaletee chakula kutoka migahawa ambayo wao wasingeweza kuingia. Kutoka majukwaani yalishuka matusi, na wakati mwingine mawe. Kocha wao Ben Geraghty, Mzungu, alikuwa na desturi ya kuwafuata huko walikolala ili wazungumze mchezo. Aaron alimtaja kila alipoulizwa kuhusu makocha waliomfaa. Msimu ulipomalizika alikuwa na wastani wa kufaulu wa .362, homurani 22, pointi 125 zilizotokana na mapigo yake, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Miji iliyokataa kumuuzia sahani ya wali ililazimika kumpa kombe.

Kasoro yake ilikuwa ulinzi. Aliwekwa besi ya pili, na makosa yalikuwa mengi mno. Majira hayo ya baridi alicheza Caguas, Puerto Rico, na huko ndiko alikohamishiwa uwanda wa nje, penye nafasi ya kukimbia na muda wa kuusoma mpira unaposhuka. Ilimfaa. Machi 1954, katika mazoezi ya kabla ya msimu, Bobby Thomson, nyota mpya wa Braves, alivunjika kifundo cha mguu akiteleza kuingia besi. Kesho yake kijana wa Mobile alipangwa mahali pake. Tarehe 13 Aprili alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Cincinnati, akapiga mara tano bila kufaulu hata mara moja. Siku kumi baadaye, St. Louis, alimpiga Vic Raschi homurani. Ya kwanza.

Braves walikuwa wamehama Boston mwaka mmoja kabla na kuhamia Milwaukee, mji wa viwanda vya bia uliowapokea kwa shangwe. Aaron alichukua jezi namba 44 mwaka 1955, na namba hiyo ikamfuata kwa njia ya ajabu: misimu minne tofauti alimaliza na homurani 44 kamili. Mmojawapo ni 1957. Usiku wa 23 Septemba mwaka huo, mechi na St. Louis ikiwa imeingia kipindi cha 11, alivusha mpira juu ya uzio wa kati, Braves wakawa mabingwa wa ligi yao na wenzake wakambeba mabegani. Katika World Series, fainali ya Ligi Kuu, waliwashinda New York Yankees mechi nne kwa tatu. Yeye alipiga homurani tatu kwa wastani wa .393. Mwaka huo ndio alipopata tuzo yake pekee ya mchezaji bora wa ligi na ubingwa wake pekee wa World Series. Mwaka uliofuata Yankees walilipiza kisasi, na baada ya hapo hakurudi tena fainali.

Sasa inakuja sehemu ya maisha yake ambayo waandishi wengi huiruka, nami naona ndiyo yenyewe. Kati ya 1955 na 1974, misimu 20 mfululizo, Aaron hakushuka chini ya homurani 20. Na hakuwahi kufikisha 50 katika msimu hata mmoja. Kilele chake ni 47, mwaka 1971, akiwa na miaka 37. Ruth alipiga 60 mwaka 1927. Roger Maris alipiga 61 mwaka 1961. Willie Mays alikimbia hadi kofia ikamdondoka, na picha zikapigwa. Mickey Mantle alikuwa na New York nzima ya kumtangaza. Aaron alitembea polepole kuelekea mahali pa kupigia, akapiga, akarudi kukaa. Alikuwa kama muuza duka anayefungua asubuhi na kufunga jioni kila siku, na hakuna anayeandika gazetini habari za duka lililofunguliwa. Waandishi wa siku zile walimwita mzito, mlegevu, mtu aliyejaliwa kipaji bila kukifikiria. Kumbe alipokuwa kwenye benchi alizoea kujifunika uso kwa kofia na kumchungulia mrushaji kupitia tundu dogo la kupitisha hewa, ili asione kitu kingine chochote isipokuwa mkono na mpira. Aliyemwona kwa mbali angeweza kudhani amesinzia. Warushaji hawakudanganyika. Walimwita Nyundo.

Nguvu yake haikutoka mabegani. Alikuwa na kimo cha mita 1.83 na uzito wa kilo zisizozidi 82 hivi, mwembamba ukimlinganisha na wapigaji wa siku hizi. Ilitoka kwenye vifundo vya mikono. Aliuacha mpira usogee hadi pale ambapo mpigaji mwingine angekuwa amechelewa, kisha akageuza mikono mara moja. Tena hakuwa mpigaji wa uzio tu. Alikuwa bingwa wa wastani wa ligi mara mbili, 1956 kwa .328 na 1959 kwa .355, na alipata tuzo ya ulinzi, Gold Glove, mara tatu.

Mwaka 1966 Braves walihama tena, safari hii kwenda Atlanta, Georgia, wakawa timu ya kwanza ya Ligi Kuu katika Kusini ya ndani kabisa. Aaron hakufurahi. Alikuwa ametoka huko na alikuwa anakujua. Lakini Atlanta iko juu kuliko miji mingi yenye timu, mpira husafiri mbali katika hewa yake, na yeye alikuwa mwepesi wa kujifunza. Akabadilisha upigaji wake, akaanza kuivuta mipira kuelekea uzio wa kushoto. Mwaka huo alipiga 44, uliofuata 39, na miaka yote miwili aliongoza ligi. Umri ambao wenzake walikuwa wanaaga, yeye alikuwa anaongeza. Mei 1970 alikuwa mtu wa kwanza katika historia kuwa na mapigo halali 3,000 na homurani zaidi ya 500 kwa pamoja. Mwaka 1972 alimpita Mays kwa jumla ya homurani. Hapo ndipo nchi ilipogutuka ikatazama hesabu na kugundua kwamba amebaki Ruth peke yake.

Maris naye, ni haki kusema, alizomewa 1961 alipoivunja rekodi ya Ruth ya msimu mmoja, na Maris alikuwa Mzungu. Kumgusa Ruth kulitosha kuwa kosa. Kwa Aaron kosa hilo liliongezewa rangi. Barua zilimwita nyani na kumtaka astaafu au afe. Polisi wa Atlanta walimpa mlinzi, Calvin Wardlaw. Hotelini aliandikishwa kwa jina la uongo huku chumba chenye jina lake kikibaki kitupu. Binti yake Gaile, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fisk huko Nashville, alitishiwa kutekwa, na FBI wakaingilia. Katika gazeti moja la Atlanta mhariri wa michezo aliandaa tanzia yake mapema, iwe tayari. Magazeti yalipoanza kuchapisha habari za vitisho, barua za upendo zilimiminika kuzizidi zile za chuki. Hata mjane wa Ruth, Claire, alijitokeza kusema kwamba mumewe asingewaunga mkono watu wa namna hiyo.

Na bado, majukwaa ya Atlanta yalikuwa matupu. Septemba 1973 alipopiga homurani ya 711 katika uwanja wake wa nyumbani, walikuwapo watazamaji 1,362. Mtu anayeikaribia rekodi kubwa kuliko zote za mchezo wa taifa, akitazamwa na umati usiojaza ukumbi wa harusi za kifahari tatu au nne! Ilipofika siku ya mwisho ya msimu walikuja zaidi ya 40,000. Hakupiga homurani, wakasimama wakampigia makofi hata hivyo.

Tarehe 4 Aprili 1974 Braves walifungua msimu Cincinnati. Wenye timu walitaka akae benchi ili historia itokee nyumbani na tiketi ziuzwe huko. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akaagiza acheze. Siku hiyo ilikuwa miaka sita kamili tangu Martin Luther King auawe Memphis, na Aaron aliomba watu wasimame kimya kidogo kumkumbuka. Akakataliwa. Katika zamu yake ya kwanza, kwa pigo lake la kwanza kabisa la msimu, alimpiga Jack Billingham homurani. Ya 714.

Siku nne baadaye, Jumatatu tarehe 8, watu 53,775 walijaza uwanja wa Atlanta. Mrushaji wa Los Angeles Dodgers alikuwa Al Downing, Mweusi mwenzake, naye akivaa namba 44. Zamu ya kwanza Downing alimwachia mipira ya nje, umati ukazomea. Kipindi cha nne, saa 3:07 usiku, alileta mpira uliobaki juu katikati, na Aaron akazungusha mikono. Bill Buckner, mlinzi wa nje wa Dodgers, alipanda uzio bure. Mpira ulitua mahali walipojiandaa warushaji wa akiba wa Braves, ukadakwa na mmoja wao, Tom House, aliyetimua mbio kuupeleka kwa mwenyewe.

Kati ya besi ya pili na ya tatu vijana wawili Wazungu wenye miaka 17 waliruka kutoka majukwaani, wakamkimbilia Aaron, wakampapasa mgongoni. Ukiitazama picha leo unaona furaha ya wanafunzi wa sekondari. Wardlaw, aliyekaa jukwaani na bastola ndani ya mfuko wa darubini, hakuwa na anasa ya kuitazama hivyo. Alikuwa na nukta chache za kuamua kama hao ndio wa kwenye barua. Hakuitoa. Aaron alipokanyaga besi ya nyumbani, mama yake Estella alikuwa amefika, akamkumbatia shingoni kwa nguvu. Baadaye alieleza kwamba kama kuna mtu wa kumpiga risasi mwanawe, ilibidi ampige na yeye. Kuhn, kamishna, hakuwapo. Alikuwa na miadi Cleveland. Kwenye kipaza sauti Aaron hakujigamba: alimshukuru Mungu kwamba jambo limekwisha.

Novemba hiyo alisafiri hadi Tokyo kushindana kwa homurani na Sadaharu Oh, bingwa wa Japani, akamshinda 10 kwa 9. Walibaki marafiki, na Oh alistaafu na homurani 868 katika ligi ya kwao. Braves nao walimtoa Aaron kwa Milwaukee Brewers kwa kubadilishana wachezaji, akarudi katika mji aliouanzia, akacheza misimu miwili ya kujikongoja. Tarehe 20 Julai 1976 alipiga ya 755, ya mwisho. Kibarua wa uwanja aliyeuokota mpira huo alitaka kumkabidhi Aaron mwenyewe badala ya kuutoa kwa klabu, akafukuzwa kazi na kukatwa dola tano za bei ya mpira. Aliye na subira alilipwa: zaidi ya miaka 20 baadaye mpira ule uliuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya dola.

Mwaka 1982 wapiga kura 406 kati ya 415 walimwingiza katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, Cooperstown. Wale tisa waliomkataa walikuwa wanatafuta nini, sijui. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ofisi za Braves akisimamia ukuzaji wa vijana, wakati ambapo Weusi wenye madaraka katika besiboli walihesabika kwa vidole, na alilisema hilo hadharani bila kupunguza makali. Zile barua za 1973 hakuzitupa. Alizitunza nyumbani, na alipoulizwa sababu alisema ni ili asisahau.

Agosti 2007 Barry Bonds wa San Francisco Giants, akiandamwa na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, alipiga homurani ya 756. Aaron hakwenda uwanjani. Sura yake ilitokea kwenye skrini kubwa, katika ujumbe uliorekodiwa mapema, akimpongeza Bonds kwa maneno machache yaliyopimwa vizuri. Wapo mashabiki ambao mpaka leo wanamhesabu Aaron kuwa ndiye mfalme wa homurani. Yeye hakuingia katika ugomvi huo, wala hadi kifo chake, 22 Januari 2021, akiwa na miaka 86, hakuonekana kuuhitaji. Rekodi aliyojivunia zaidi ilikuwa nyingine, isiyo na kelele: jumla ya besi alizojipatia kwa mapigo yake mwenyewe, 6,856. Kila besi ni mita 27 na nusu hivi. Ziunganishe zote uone: ni kilomita 188, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Bonds alistaafu na homurani 762, saba zaidi ya Aaron. Katika hesabu ya besi alibaki nyuma yake kwa 880.